Sura ya Saba: Difu ya Kati Inapolegea

Wenye Land Rover huuliza swali hili kuliko jingine lolote: kwa nini gari linagonga chini ya viti kila nikikanyaga mafuta, kisha linagonga tena nikiachia? Mara nyingi swali hilo huja na malalamiko. Fundi ameshabadilisha krosi, amebadilisha bushi, fedha imekwenda, na mlio uko palepale.

Mlio huo una washukiwa wengi, nao tutawapitia. Lakini yupo mmoja ambaye mafundi wengi humruka kwa sababu haonekani mpaka sanduku zima lishushwe na kufunguliwa: difu ya kati, iliyo ndani ya transfa. Ninachotaka msomaji akishike mapema ni kwamba difu hii haifi kwa uzee. Inauawa na tairi zisizolingana, oili iliyopungua na dereva anayesubiri azame ndipo akumbuke kuifunga.

Iko wapi, na inafanya nini

Transfa ni sanduku la gia lililo nyuma ya gia boksi. Linapokea nguvu ya injini na kuigawa kwa propela mbili, yaani zile shafti ndefu zinazozunguka chini ya gari: moja inakwenda ekseli ya mbele, nyingine ekseli ya nyuma. Transfa hiyo ndiyo yenye pia gia nzito, zile za kupandia mlima na kutokea kwenye tope.

Sasa nenda kwenye uwanja wenye mchanga laini, endesha polepole, kata kona kali, kisha shuka uangalie alama. Utaona tairi za nyuma zimepita ndani ya alama za tairi za mbele. Maana yake ekseli ya mbele imetembea njia ndefu kuliko ya nyuma kwa muda uleule, kwa hiyo propela yake imezunguka mara nyingi zaidi. Kama propela zote mbili zingefungwa pamoja, lazima kitu kimoja kingekubali kuteleza. Kwenye mchanga tairi huteleza na mambo huisha. Kwenye lami hazitelezi kirahisi, na mvutano wote hubaki ndani ya vyuma. Difu ya kati imewekwa ili kila propela izunguke kwa mwendo wake huku zote mbili zikiendelea kupata nguvu.

Range Rover ya mwaka 1970 ilikuja na mpango huu wa magurudumu manne yanayovuta wakati wote. Land Rover One Ten ya 1983 ikaurithi, ikafuatiwa na Discovery ya 1989, na One Ten yenyewe ikaitwa Defender kuanzia 1990. Transfa inayozungumzwa hapa inaitwa LT230. Ndiyo iliyobaki ndani ya Defender mpaka uzalishaji wake ulipokoma Solihull, Uingereza, Januari 2016. Kwa hiyo sehemu kubwa ya Land Rover zinazobeba watalii Arusha na Maasai Mara, na zile za miradi na mashamba, zina sanduku hilihili.

Mwenye Land Cruiser ya familia ya 70, ile ngumu ya hospitali na mbuga, hana difu ya kati. Gari lake huvuta kwa nyuma, na ekseli ya mbele huunganishwa inapohitajika tu. Akisikia mlio, atafute kwingine. Land Rover za Series II na III nazo ni hivyohivyo.

Ndani yake mna nini

Ukiipasua difu ya kati ya LT230 utakuta gia mbili kubwa zinazotazamana, moja ya propela ya mbele na moja ya nyuma. Kati yao kuna gia nne ndogo, tuziite pinioni, zinazozunguka juu ya pini zilizopishana kwa umbo la msalaba. Nyuma ya kila pinioni kuna washa, yaani kibati cha duara chenye tundu katikati. Washa hizi zimebonyea kidogo kufuata umbo la mgongo wa pinioni. Kazi yake ni kubeba msukumo ili chuma kisisage chuma.

Gari likienda moja kwa moja, likiwa na tairi zilizolingana, pinioni zimetulia juu ya pini zake. Zinabeba nguvu lakini hazizunguki. Ukikata kona zinazunguka taratibu, kisha zinatulia. Hiyo ndiyo kazi ziliyotengenezewa: kuzunguka kidogo, polepole, kwa vipindi vifupi. Pinioni hazina beringi. Zimekaa juu ya pini tupu, na kinachotenganisha vyuma viwili ni utando wa oili peke yake.

*Kwa ufupi: difu ya kati huruhusu ekseli mbili kwenda mwendo tofauti. Inavumilia tofauti ndogo ya muda mfupi. Tofauti kubwa, au ndogo isiyokoma, ndiyo inayoila.*

Tairi mbili mpya nyuma, vipara mbele

Kosa hili ni la kawaida mno, na wanaolifanya hudhani wanabana matumizi. Tairi mbili zimekwisha, zinanunuliwa mbili tu, zinafungwa nyuma. Tupige hesabu. Tairi ya 235/85R16 ikiwa mpya ina kipenyo cha milimita 806 hivi, na kwa kilomita moja inazunguka takriban mara 395. Ikilika milimita 10 za meno, kipenyo kinabaki 786, na kwa kilomita hiyohiyo inazunguka mara 405. Tofauti ni mizunguko 10 tu ya gurudumu. Lakini kati ya gurudumu na propela kuna gia za ekseli zenye uwiano wa 3.54, kwa hiyo kwenye propela tofauti inakuwa mizunguko 35 na ushee kila kilomita.

Kutoka Dar es Salaam hadi Dodoma ni kama kilomita 450. Safari hiyo moja inailazimisha difu ya kati kumeza tofauti ya mizunguko karibu 16,000, kwenye barabara iliyonyooka ambako ilipaswa kuwa imetulia. Na propela zinaizungusha huku zikiwa zimebeba nguvu ya injini. Fanya hivyo mwaka mzima, halafu usishangae washa zimekuwa nyembamba.

Tairi nne za saizi moja, za aina moja, zilizolika kwa kiasi kimoja, na upepo uliopimwa: hakuna spea yoyote ya transfa itakayokusaidia kuliko hizo. Ukiwa na mbili mpya na mbili zilizochoka, weka moja mpya na moja ya zamani kwa kila ekseli, mpaka upate fedha ya nyingine. Hapo difu ya mbele na ya nyuma zitabeba mzigo huo, na gari litapoteza utulivu kidogo, hasa kwenye breki. Kwa hiyo iwe ni ya muda mfupi, na uendeshe polepole.

Tope, mchanga na ule mlio wa kuzunguka bure

Tairi zisizolingana huua taratibu. Tope huua mchana mmoja.

Mvua za masika zikilowesha udongo mweusi, gari linakwama. Dereva hajafunga difu. Gurudumu moja la nyuma limepoteza mshiko, naye anakanyaga mafuta akitumaini litachomoka. Kwenye Defender mshale wa spidi husoma propela ya nyuma. Ukiona mshale unasema 40 huku gari halisogei, propela ya nyuma inazunguka zaidi ya mara 900 kwa dakika na ya mbele imesimama. Linganisha na gari la tairi zisizolingana hapo juu: likienda kilomita 80 kwa saa, tofauti ya propela zake ni mizunguko 47 kwa dakika. Kwenye tope tofauti imekuwa mara 20 ya hiyo. Na kama linalozunguka bure ni gurudumu la mbele, mshale unabaki sifuri na dereva hajui hata anafanya nini.

Kwa mwendo huo oili inarushwa nje, pini inapata moto, chuma cha pinioni kinaanza kung'ang'ania chuma cha pini. Dakika chache zinatosha kukwaruza pini kiasi kwamba haitarudi kuwa laini tena. Siku hiyo hutasikia kitu. Utakuja kusikia baada ya miezi, ukiwa kwenye lami nzuri, ukishangaa mlio umetoka wapi.

Ndiyo maana kuna difu loki. Ni kifungio kinachoiunganisha propela ya mbele moja kwa moja na kasha la difu. Ukikiingiza, pinioni haziwezi kuzunguka tena, propela zote mbili zinakwenda sawa, na taa ya manjano inawaka kwenye dashibodi. Ukiliona tope au mchanga mbele yako, funga ukiwa bado kwenye ardhi ngumu, gari limenyooka, magurudumu hayatelezi. Usiingize loki wakati gurudumu linazunguka bure, kwani meno ya kifungio yatavunjika au kung'oka kingo. Ukishakwama bila kufunga, ondoa mguu kwenye mafuta, subiri kila kitu kisimame, ndipo ufunge.

Na lami? Wengi huamini kwamba kuendesha lami huku difu imefungwa ndiko kunakoilegeza. Hapana. Ikiwa imefungwa pinioni zimepumzika. Wanaoumia ni wengine: krosi, hafushafti (shafti zinazopeleka nguvu kutoka difu ya ekseli hadi kwenye gurudumu) na tairi zenyewe. Dalili ni usukani mzito, na taa ya loki inayokataa kuzima hata baada ya kurudisha lever. Rudi nyuma mita chache, mvutano uachie, taa itazima. Kwa hiyo ukifika lami, fungua.

Jambo la mwisho hapa ni brekidauni. Gari la aina hii likivutwa huku ekseli moja imeinuliwa na nyingine inatembea chini, propela moja inazunguka na nyingine imesimama. Kwa kilomita 60 kwa saa hiyo ni tofauti ya mizunguko kama 1,400 kwa dakika, safari nzima. Mwambie mwenye brekidauni apakie gari lote juu, au avute likiwa na magurudumu yote manne chini, gia boksi na transfa zote zikiwa huru na loki imefunguliwa. Akikataa, propela ya ekseli inayotembea ifunguliwe kwanza.

Oili inasema mengi kabla ya chuma

LT230 inabeba lita mbili na nusu hivi za oili, kutegemea toleo. Ni kidogo, na ikivuja nusu lita imeshapoteza sehemu kubwa. Sehemu mbili huvuja sana: mipira ya shafti ya katikati iliyo ndani ya transfa, upande wa mbele, na sili ya nyuma inayomwaga oili ndani ya drumu ya hendibreki. Hendibreki ikianza kushindwa kushika, usikimbilie kubadilisha viatu vyake tu. Chungulia kama vimelowa.

Fungua tapu ya kujazia, iliyo mgongoni mwa sanduku, gari likiwa sehemu tambarare. Oili iwe kwenye ukingo wa tundu. Ikimwagika kwa wingi, nyekundu na nyepesi, hiyo ni oili ya gia boksi imepita kwenye sili iliyo kati ya masanduku mawili. Transfa imepata oili isiyoifaa, na gia boksi inabaki kavu. Ikitoka rangi ya chai ya maziwa, maji yameingia. Gari lililopata moto likivuka mto, sanduku hupoa ghafla na kunyonya maji pale ambapo mpira wake wa kupumulia umekatika au umeziba. Mpira huo ni wa bei ndogo sana. Ufuate kwa mkono mpaka mwisho wake.

Unapomwaga oili ya zamani, iweke kwenye beseni safi juani na uitikise. Uji wa kijivu laini ni wa kawaida. Vichembe vya manjano vinavyometa, mara nyingi, vimetoka kwenye washa. Vipande vya chuma unavyoweza kuvishika kwa vidole maana yake gari lisimame hapohapo.

Kumtafuta mkosaji wa kweli

Kabla ya kushusha transfa, hakikisha kosa ni lake. Jaribio la kwanza ni la barabarani. Tafuta njia ya changarawe au vumbi, tambarare, isiyo na watu. Gia ya pili, mwendo mdogo, kanyaga mafuta na uachie mara kadhaa. Sikiliza. Kisha funga difu loki, hakikisha taa imewaka, rudia vilevile. Mlio ukipungua sana, shaka inahamia kwenye difu ya kati. Usipobadilika, kosa liko kwingine.

Jaribio la pili linathibitisha. Funga difu loki gari likiwa linatembea taratibu, kisha lisimamishe huku taa ingali inawaka. Zima injini, vuta hendibreki, gia boksi iwe huru, transfa iwe kwenye gia nyepesi. Weka kabari kwenye tairi zote zinazobaki chini, halafu inua gurudumu moja la mbele kwa jeki na uweke stendi. Liwe la mbele. Hendibreki ya gari hili inakamata propela ya nyuma, haikamati magurudumu yenyewe, kwa hiyo ukiinua gurudumu moja la nyuma gari halina breki tena na linaweza kumwangukia aliye chini. Kuna watu wameumia kwa kutojua hilo.

Sasa lala chini, shika propela ya mbele karibu na transfa, uzungushe huku na huku kwa mkono. Hendibreki imeikamata ile gia ya nyuma, loki imeiunganisha ya mbele na kasha. Ulegevu unaousikia mkononi ni wa pinioni na gia zake pamoja na nafasi ndogo ya meno ya loki. Chora alama ya chaki kwenye ukingo wa flenji na kwenye sanduku ili uone kinachosogea. Msaidizi aangalie drumu ya hendibreki. Ikicheza nayo, ulegevu ni wa hendibreki. Difu nzima inasogea kidogo na kugota. Iliyolika inasogea wazi mbele ya macho, na ukiigotesha unasikia mlio uleule unaoujua, kwa sauti ndogo.

Kama difu haina hatia, wageukie hawa:

- Krosi za propela zote mbili. Kutu nyekundu kwenye vikombe vyake ni ushahidi.
- Meno ya flenji za magurudumu na ncha za hafushafti. Ng'oa kofia ya mpira katikati ya gurudumu, mtu asogeze gari mbele na nyuma kidogo, wewe tazama.
- Bushi za mikono ya ekseli na ile joint ya juu ya ekseli ya nyuma.
- Meno ya shafti inayotoka gia boksi na kuingia transfa. Ugonjwa huu ni maarufu kwenye gia boksi ya R380. Fungua bamba dogo lililo nyuma ya transfa, utaiona ncha ya shafti ndani ya gia yake. Unga wa rangi ya kutu pale unamaanisha meno yanasagana bila oili. Gia zilizotolewa baadaye zimetobolewa ili oili ifike.

Mara nyingi wagonjwa ni wawili au watatu kwa pamoja, kila mmoja amelegea kidogo. Anza na wa bei nafuu.

Ukishaifungua

Transfa ishushwe na watu wawili na jeki ya kufaa. Difu ikishatoka, fundi atie alama kwenye nusu mbili za kasha kabla ya kufungua boliti, ili zirudi zilivyokuwa. Kisha omba pini uishike mwenyewe. Pitisha ukucha taratibu kutoka katikati kwenda mwisho. Pale pinioni ilipokuwa imekaa, ukucha ukidondoka kwenye kijingazi, pini imekwisha. Rangi ya buluu maana yake ilipata moto. Angalia pia matundu ya pini kwenye kasha: yakiwa yamekuwa marefu badala ya duara, kasha zima libadilishwe.

Kuna fundi atakayekuambia abadilishe washa tu, ni rahisi. Usikubali kama pini ina kijingazi. Washa mpya zitaondoa kelele kwa muda, lakini pinioni bado zitakaa juu ya pini iliyokwaruzwa na zitazila upya. Pini, pinioni nne, washa zake na gia mbili kubwa huingia pamoja. Washa za nyuma ya gia kubwa huchaguliwa kwa unene, mpaka difu izunguke kwa mkono bila kulegea na bila kukaza. Fundi asiye na uvumilivu wa kujaribu unene mmoja baada ya mwingine hafai kazi hii. Sanduku likiwa wazi, atazame pia matundu ya shafti ya katikati kwenye kasha la alumini. Shafti hiyo ikianza kuzunguka mahali pake hupanua tundu, na hapo gharama inakuwa ya sanduku jipya.

Kwa gari la kazi ngumu, kuna difu za kati za aina nyingine zinazouzwa Uingereza, zenye gia za msokoto zinazopeleka nguvu zaidi upande wenye mshiko bila dereva kugusa kitu. Ni nzuri, na ni ghali. Zinamfaa hasa mwenye Discovery ya pili, kwa kuwa nyingi za toleo hilo zilitoka kiwandani bila lever ya kufungia difu. Kwa mwenye lever na mazoea ya kuitumia mapema, difu ya kawaida iliyofungwa vizuri inamtosha.

Baada ya kilomita 1,000 mwaga oili uiangalie juani kama hapo mwanzo. Ukiona vichembe vya manjano tena, rudisha gari kwa fundi kabla dhamana yake haijaisha. Na tafadhali, kabla hujalitoa gari gereji siku ya kwanza, pima meno ya tairi zote nne. Zisipolingana, nunua tairi kwanza.